Kizunguzungu cha Mgema

Jumatatu, 24 Novemba

Nimelichukua daftari hili kwa binti yangu Rakentai kwa sababu ndicho kitu pekee katika nyumba hii kisichonipa ushauri. Mke wangu ananishauri, mkwe wangu ananishauri, hata kuku wakinitazama naona wana la kusema. Basi nitaongea na karatasi.

Lililotokea ni dogo. Jana jioni nilikuwa chini ya ule mnazi mrefu karibu na kisima, nikainua uso kutazama karara la maua nililolifunga juma lililopita ili litoe tembo, na kilele kikaanza kuzunguka. Si upepo, maana pepo za magharibi bado hazijafika. Kilizunguka kama pia. Nikaukumbatia mnazi, na kabla sijamaliza kumtaja Mungu kikatulia. Nikapanda, nikagema, nikashuka na chupa zangu. Kosa langu ni kumwambia Taomati.

"Umekunywa tembo kali?" mke wangu akauliza.

"Sijagusa."

"Basi ni uzee."

"Uzee gani? Nina miaka hamsini na sita."

"Ndio huo huo."

Mimi ni Kaburoro. Nagema asubuhi na jioni tangu sijaota ndevu, na hapa kijijini kwetu, kisiwani Abaiang, mtoto akilia hupewa tembo tamu la Kaburoro akanyamaza. Sitashushwa mnazini na kitu kinachopita kabla sijapiga chafya.

Jumanne, 25 Novemba

Hamna kitu. Samaki na wali.

Ijumaa, 28 Novemba

Kimerudi, na safari hii sikuwa hata nimesimama. Nililala mkekani, nikageuka upande wa kulia, paa la makuti likaanza kwenda mbio. Nikafumba macho, nikashika mkeka kana kwamba utaruka. Nilipogeukia kushoto kikaisha. Taomati alikuwa macho. Nikamwambia nimeota.

Jumapili, 30 Novemba

Habari imetoka nyumbani ikafika kanisani kabla yangu. Mama mmoja wa kwaya amenifunua kope, akasema damu yangu imepungua, nile maini. Mwenzake akasema hapana, damu imezidi, ndiyo inapanda kichwani. Tiaeki, mkwe wangu, ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko pikipiki yake, anasema ni sukari, kwa kuwa mjomba wake alianza hivyo hivyo na sasa ana mguu mmoja. Rakentai anasema maji yameingia masikioni. Mzee mmoja akauliza kama nimekata mti wowote wa watu wakaniroga.

"Mnipe siku moja kila mmoja," nikawaambia. "Jumatatu nitaumwa damu, Jumanne sukari, Jumatano masikio. Mkinimaliza, Jumapili mnizike."

Walicheka wote isipokuwa Taomati.

Jumatano, 3 Desemba

Leo nitaandika kirefu, maana leo nimeogopa.

Nilipanda jioni nikiimba. Mgema wa kwetu haimbi kwa kuwa ana furaha. Anaimba ili wanawake wanaooga kisimani wajue kuna macho juu, na ili watu wa nyumbani wajue bado yuko. Naimba wimbo ule ule tangu zamani, wimbo alionipa mzee aliyenifundisha kugema, baba yake Maruia. Huyo Maruia naye hugema minazi ya jirani, na tukiwa juu wote wawili tunaonana kama watu waliokaa barazani.

Nilikuwa nimekaa juu kileleni, kotama, kisu changu cha kugemea, mkononi, nimekwisha kulinyoa karara la kwanza. Nikainua kichwa kutafuta la pili. Dunia ikapinduka. Bahari ikaja upande wa mbingu. Kotama ikaniponyoka, nikaisikia ikigonga chini baada ya muda ambao sikuupenda kabisa. Nilikumbatia kuti kwa mikono na miguu, mdomo wazi, wimbo umekatika katikati ya neno.

Kwetu wimbo wa mgema ukikatika, kila mwanamke huinua kichwa.

"Kaburoro!" Maruia akapiga kelele kutoka mnazini kwake. "Umemeza ulimi?"

"Napumzika!"

"Mgema anapumzika juu? Shuka ukapumzike na kina mama!"

Nilishuka kidato kimoja kimoja kati ya vile nilivyochonga kwenye shina, nikitafuta kila kimoja kwa kidole gumba kama kipofu. Chini alikuwa Taomati, mikono ina mapovu ya sabuni, na kotama yangu mkononi.

"Ulinyamaza," akasema.

"Nilisahau maneno."

"Ya wimbo ulioimba tangu hujanioa?"

Nilichukua kotama nikaenda kuinoa, na ilikuwa kali tayari.

Jumamosi, 6 Desemba

Pepo za magharibi zimefika na mvua yake. Minazi inayumba yenyewe, kwa hiyo sasa hakuna atakayejua nani anazunguka. Nimejiwekea sheria: sitazami juu, na nikishikwa naendelea kuimba hata kama nimefumba macho. Leo nilishikwa. Niliimba ubeti wa kwanza mpaka ukachuja.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua. Tumechemsha tembo kuwa asali. Nimelamba mwiko.

Jumamosi, 13 Desemba

Taomati ameniwekea chai, akakaa mbele yangu. Nikajua kuna jambo, maana chai huwa najiwekea.

"Twende kliniki, baba."

"Kufanya nini?"

"Upimwe. Mficha maradhi kifo kitamuumbua."

"Sijaficha. Kijiji kizima kinajua."

"Unaficha. Unaimba ubeti wa kwanza tu. Unadhani sisikii? Nilikuwa nikikusikiliza nikiwa na mimba ya Rakentai, sasa Rakentai ana mtoto. Najua ukifunga karara, najua ukinoa, najua ukikojoa huko juu. Sasa sijui uko wapi. Nasikia mtu anaimba kama anazama."

Nilimwambia Nesi Kinaai ni mtoto wa juzi. Nikamwambia kliniki ni mbali, barabara ina madimbwi, mafuta ya pikipiki ya Tiaeki yameisha. Yeye akanywa ile chai yangu.

Ukweli ni kwamba nesi akisema nishuke, nitakuwa nimeshushwa. Nikishuka mimi ni nani? Mzee wa kusuka kamba na kusimuliwa habari. Naogopa. Basi, nimeliandika, na sitalisema kwa mdomo.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Maneaba, ukumbi wa kijiji, imejaa. Nguruwe, mihogo, biskuti za kopo, ngoma. Nilicheza nimekaa.

Ijumaa, 2 Januari

Naandika kwa hasira, mnisamehe mwandiko.

Jana tulikuwa wote katika maneaba, kila ukoo mahali pake, tumeshiba, wazee wanasinzia. Maruia akasimama. Nikadhani anataka kushukuru chakula.

"Wazee wangu," akasema, "mwenzetu Kaburoro ananyamaza mnazini. Wengine wanasema damu, wengine wanasema sukari. Mimi nasema tumwulize anaimba wimbo wa nani. Ule wimbo ulitungwa kwa ajili ya baba yangu. Ni wa damu yake. Mtu akiuimba siyo wake, wimbo unamkataa. Unamzungusha mpaka atue chini kwa njia yake au kwa njia nyingine."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akafumbua jicho akasema, jambo hilo lina njia yake: Kaburoro apeleke mkeka na tumbaku kwa Maruia, aombe radhi, atafute wimbo mwingine.

Nikasimama. Nilisimama haraka mno, lakini kichwa kilinistahi.

"Maruia, baba yako alinipa wimbo ule mwenyewe, tukiwa juu ya mnazi."

"Nani shahidi?"

"Ndege."

Wakacheka. Tiaeki akanivuta shati, akaninong'oneza, "Mzee, mwombe tu huo wimbo mbele ya watu. Bubuti haikataliwi. Akikataa, aibu itamfuata mpaka kaburini."

Kweli, kwetu ombi la namna hiyo halina hapana. Lakini nitaombaje kilicho changu? Ukiomba, umekiri kwamba hukuwa nacho. Nikamsukuma Tiaeki akae.

"Mkeka sileti," nikasema. "Tumbaku navuta mwenyewe. Nitakwenda kwa Nesi Kinaai anipime kichwa mpaka ndani. Akikuta ugonjwa, basi wewe Maruia umemsingizia marehemu baba yako, na mkeka utauleta wewe!"

Sasa miye pekee katika kisiwa hiki ndiye ninayemwomba Mungu nikutwe mgonjwa. Taomati amenipikia samaki mkubwa. Nadhani amefurahi. Wanawake hawajali umefika kwa njia gani.

Jumatatu, 5 Januari

Nimetoka kliniki. Nitaandika yote.

Tulikwenda mimi na Tiaeki kwa pikipiki, tumelowa. Nesi Kinaai ni mfupi, na ana sauti ya kuita mashua.

"Nimekuja unipe ugonjwa," nikamwambia.

"Watu huja kuniomba dawa, mzee. Wewe wa kwanza kuomba ugonjwa. Lala hapo."

Alinifunga mkono akapima presha nimelala, akanisimamisha akapima tena. Akanichoma kidole. Akanifunua kope kama yule mama wa kwaya, akanimulika masikio. Akauliza kama ulimi umewahi kuwa mzito, kama mkono au mguu umelegea, kama kifua kinauma, kama nimewahi kuzimia, kama sikio limeziba. Hapana, hapana, hapana.

"Unakunywa dawa yoyote?"

"Sinywi."

"Tembo kali?"

"Jumamosi."

"Jumamosi tu?"

Tiaeki akakohoa.

"Na Jumatano," nikasema.

"Sasa sikiliza vizuri. Je, dunia inazunguka, au macho yanaingia giza kama unataka kuzimia?"

"Kuna tofauti?"

"Kubwa. Hayo ni magonjwa tofauti yanayotumia jina moja."

Nikafikiri. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wote walinipa jibu, hakuna aliyenipa swali. Nikamwambia inazunguka, nikitazama juu au nikigeukia kulia mkekani, inapita upesi, na nikikaa nikila sina shida yoyote.

Akanikalisha kitandani, akakishika kichwa changu kwa mikono miwili, akakigeuza kulia. "Usifumbe macho," akasema, na kabla sijauliza akanilaza chali kwa ghafla, kichwa kinaning'inia ukingoni.

Kliniki nzima ikaondoka. Nesi, kalenda ya ukutani, mtungi wa maji, vyote vikaruka upande mmoja. Nikapiga ukelele. Nilimshika Kinaai mkono mpaka akasema nitamvunja.

"Tiaeki, njoo uone macho ya mkweo."

"Lo! Mzee, macho yanarukaruka yenyewe!"

"Toka hapa!" nikamwambia.

Kinaai akaeleza huku bado ameshika kichwa changu kama nazi ya kufuliwa. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo, mchanga mchanga, ndizo zinazomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi. Chembe zangu zimetoka mahali pake. Nikiinua kichwa zinaviringika, sikio linaudanganya ubongo kwamba ninazunguka.

"Nina mchanga sikioni?"

"Kila mtu anao. Wako umehama nyumba."

Akaurudisha. Alikigeuza kichwa kushoto akasubiri, akanilaza ubavu pua ikitazama sakafu akasubiri, akanikalisha. Nilitapika wali wa asubuhi karibu na ndala zake. Akafuta, akaanza upya. Mara ya pili ilizunguka kidogo. Mara ya tatu akanilaza chali, kichwa kinaning'inia, nikangoja.

Kalenda ilikaa ukutani. Mtungi ulikaa. Nikasikia mvua juu ya bati, na machozi yakanitoka, wala sikuyaficha. Nilikuwa nimekwisha kujizika, kumbe ni mchanga tu.

Furaha haikudumu. "Sukari yako imepanda kidogo," Kinaai akasema. "Hiyo siyo inayokuzungusha, lakini asali ya tembo uipunguze, na nitakupima tena. Na mnazini usipande mpaka nikuone mwisho wa mwezi. Mchanga huu hupenda kurudi. Ukirudia uko juu, kazi haitakuwa yangu, itakuwa ya wachimba kaburi. Na siku ukishikwa na kizunguzungu ulimi ukawa mzito au mkono ukalegea, usilale ukangoja kupambazuke. Uje, hata kwa kubebwa."

Mwisho wa mwezi! Karara lisiponyolewa asubuhi na jioni hukauka. Nimemwambia hivyo. Akaniambia hata mimi nikianguka nitakauka.

Jumanne, 6 Januari

Nimepita kwa Maruia makusudi, nikamwambia habari zote kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili. Mchanga. Sikio. Umerudishwa kwa mkono.

Akatafuna kidogo. "Mchanga, sawa," akasema. "Na nani aliyeuhamisha?"

Mtu huyu hapigiki.

Jumatano, 7 Januari

Tiaeki amejaribu kunigemea. Amefika kidato cha tano akaukumbatia mnazi, akaanza kusali. Rakentai alimshusha kwa maneno matamu. Mume wake, anajua mwenyewe alikompata.

Alhamisi, 8 Januari

Taomati amenimaliza. Amekwenda kwa Maruia bila kuniambia, amemwomba anigemee minazi yangu mpaka mwisho wa mwezi. Amefanya bubuti, na Maruia hakuweza kukataa. Kwa hiyo mtu yule yule atapanda minazi yangu, kwa vidato nilivyochonga mimi, mbele ya macho yangu.

"Ungeniuliza!"

"Ungekataa," akasema. "Mjukuu wako ataishi kwa hasira zako?"

Ijumaa, 9 Januari

Amepanda. Ameimba wimbo ule, wote, beti zote, akiwa juu ya mnazi wangu. Polepole, ili nisikose neno. Nimekaa chini nikisuka kamba, nimeisuka vibaya, nimeifumua.

Jumatatu, 12 Januari

Nimezikagua chupa anazoleta nikitafuta dosari. Zimejaa mpaka shingoni. Hamna hata nzi mmoja ndani. Ameweka ya mjukuu peke yake, chupa safi, amefunika kwa jani. Inaudhi.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua kubwa. Amepanda hivyo hivyo, minazi yake na yangu. Mimi nimekula embe la kopo, nimekataa asali. Nimelala upande wa kulia na paa limetulia.

Jumamosi, 17 Januari

Mtu asiye na kazi huona mengi. Maruia kabla ya kupanda husimama ameshika mnazi, kichwa chini, kama anausikiliza. Akiinuka kutoka kuchutama hupepesuka hatua moja. Leo nimemwuliza, "Vipi?" Akasema, "Vipi wewe, mwenye mchanga."

Nilifurahi kidogo. Naandika ukweli. Nilisema moyoni, mpanda ngazi hushuka, na wewe utashuka tu. Halafu nikakumbuka anapanda minazi yangu, furaha ikawa chungu mdomoni.

Jumatatu, 19 Januari

Hamna. Mashua ya Tarawa, kisiwa kikuu, haikuja.

Alhamisi, 22 Januari

Wimbo umekatika leo.

Jua lilikuwa bado liko juu ya bahari, mvua imepumzika. Maruia alikuwa kwenye ule mnazi mrefu karibu na kisima. Alimaliza ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, kisha kimya. Taomati aliinua kichwa. Mimi nilikwisha kuinuka.

Nilifika chini nikatazama juu bila hata kukumbuka kuogopa. Kilele kilikaa mahali pake. Kitu pekee kilichotikisika ni mguu wa Maruia, unaning'inia, unatafuta.

"Maruia!"

Mguu ukaendelea kutafuta.

"Maruia, umesimama?"

"Giza," akasema. Sauti ndogo, sikuijua. "Sioni, Kaburoro. Nilisimama, kukaingia giza."

"Kaa! Rudisha mguu ukae! Kumbatia kuti, inamisha kichwa. Usishuke mpaka niseme."

Akakaa. Nilimwona akiegemeza paji la uso kwenye kuti. Wanawake walikuwa wamekuja na kanga mabegani. Kama angeanguka, angeanguka kutoka mnazi wangu, kwa ajili ya chupa ya mjukuu wangu, kwa kuwa mke wangu alimwomba na mila haikumpa nafasi ya kukataa. Na mimi Jumamosi nilifurahi. Nilitaka kujipiga.

Baada ya muda akasema giza limepungua.

"Sasa utashuka na wimbo," nikamwambia. "Nitaimba mimi. Kila mstari mguu mmoja. Mstari ukiisha, tulia."

Nikaimba. Sauti yangu ilikuwa mbovu, na sikujali. Mstari wa kwanza, kidato. Wa pili, kidato. Nilijua kila kimoja kilipo kwa kuwa nilivichonga, nikawa nachomeka kati ya mistari, kushoto kidogo, hicho kimelika, kanyaga ndani. Ubeti wa kwanza ulipoisha niliurudia, na nikaurudia tena. Alipofika chini akakaa kwenye matope, uso rangi ya majivu.

"Nilikuwa napumzika," akasema.

"Mgema anapumzika juu?"

Akanitazama. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia. Taomati akampa maji.

"Ilikuwa inazunguka, au giza?" nikamwuliza.

"Nimekwambia giza."

"Basi huo si wangu. Huo ni wako mwenyewe. Mchanga hauna giza."

"Sina ugonjwa."

"Ni uchovu tu?"

"Uchovu tu."

"Na kliniki ni mbali, na barabara ina madimbwi?"

Nikachutama mbele yake, watu wote wanasikia.

"Maruia, nina bubuti."

Uso wake ukajifunga. Alijua, au alidhani anajua. Kila mtu pale alidhani anajua, nilimwona Tiaeki akitabasamu nyuma ya mkewe. Ukimwomba mtu kitu mbele ya watu wote hao, dakika ile umemshusha kutoka mautini, atakataaje?

"Sema," akasema, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Kesho twende kwa Kinaai."

Akafuta matope kiganjani.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Ungeweza kuomba wimbo."

"Siwezi kuomba kilicho changu," nikamwambia. "Lakini wewe siwezi kukuokota kila jioni. Mgongo unaniuma."

Ijumaa, 23 Januari

Tumekwenda watatu kwenye pikipiki moja, Tiaeki analalamika njia nzima.

Kinaai alimpima Maruia presha amelala, akamsimamisha akapima tena, akakunja uso. Presha ilishuka; hata ndoo kisimani haishuki hivyo. Akauliza dawa. Maruia akatoa mfukoni kikaratasi chenye vidonge vyake vya presha. Kisha akatoa kingine.

"Na hivi?"

"Vya mke wangu. Vyake alipewa na daktari Tarawa. Vyangu nilipewa hapa hapa na wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vyake ni bora. Nikaona ninywe vyote."

Kinaai aliweka mikono kiunoni. Alichosema siwezi kukiandika, mjukuu wangu atakuja kusoma. Kwa ufupi, alimwambia ameishusha presha mpaka miguuni, na kila akisimama damu inachelewa kufika kichwani. Vya mke arudishe kwa mke. Asipande mti mpaka aambiwe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimetulia kama shemasi. Tumekwisha kushushwa wote wawili, na minazi ya kijiji inagemwa na vijana wa shule ya upande wa kusini, nao wanamwaga nusu njiani.

Jumanne, 27 Januari

Mvua. Maruia amekuja kukaa kwangu. Tumesuka kamba. Hakuna aliyeutaja wimbo.

Ijumaa, 30 Januari

Kinaai amenilaza, amening'iniza kichwa kulia, kushoto. Kalenda ni ya mwaka mpya, na imekaa. Sukari imeshuka kidogo. "Panda," akasema. "Ukipata kizunguzungu hata kidogo chini, siku hiyo usipande, uje." Nikamwahidi. Aliniapisha mara mbili, ananijua.

Jumatatu, 2 Februari

Nimepanda.

Karara moja tu lilikuwa hai kwenye ule mnazi mrefu, mengine yamekauka, nitafunga mapya. Nilipofika juu nilikaa kwanza. Kisha nikainua uso makusudi, nikaitazama mbingu yote, upande hadi upande, nikaiambia haya, zunguka basi kama u mwanamume. Haikuthubutu.

Nikaanza kuimba. Chini kisimani wanawake hawakuinua vichwa, na hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nimeikosa. Taomati alikuwa akifua. Maruia alisimama chini ya mnazi, mikono nyuma, amekatazwa kupanda, uso juu. Nikamaliza ubeti wa kwanza. Nilikuwa sijauimba wa pili tangu mwanzo wa Desemba.

"Siyo hivyo!" akapiga kelele nilipoingia. "Baba hakuimba hivyo!"

"Aliimba hivi hivi!"

"Mwisho unapanda, haushuki! Sikia!"

Akauimba, pale chini, mbele ya wanawake na nguo zao, kwa sauti ya baba yake hasa, na mimi huko juu nilifumba macho, nikamwona mzee. Nikaurudia. Akasema bado. Nikaurudia tena, nikapandisha mwisho kama alivyopandisha, nikangoja anikosoe.

Hakusema kitu. Nikaendelea na wa tatu.